Mkwe wa Siku Tatu

Daktari wa kushona midomo alikuwa anavuka kutoka Usumbura kuja Uvira siku ya Jumatano, siku hiyo moja tu, na Gratien alikuwa amekataa. Mwanawe Placide, aliyezaliwa na mdomo wa juu uliogawanyika mpaka puani, angebaki alivyo. Neno lilikuwa limekwisha.

Sababu zake zilikuwa nyingi na hazikupatana. Mara alisema mtoto akilazwa kwa dawa ya usingizi haamki. Mara alisema baba akitia kidole kwenye karatasi ya hospitali, mwaka unaofuata anaongezewa kodi. Mara alisema kaka yake mkubwa, Herménégilde wa Bwegera, hajaulizwa. Sababu ya kweli haikuwa hata moja kati ya hizo. Mwaka uliotangulia alimpeleka mtoto hospitali yeye mwenyewe, na muuguzi akamwuliza mbele ya foleni nzima, wanawake wajawazito wakiwa wamegeuza nyuso ukutani wasimwone mtoto, nani katika ukoo wake ana mdomo wa namna ile. Gratien alimshika mwanawe mkono akarudi naye nyumbani, mtaa wa Songo, bila kutazama nyuma.

Mkewe Generose aliyajua hayo, kwa hiyo hakubishana sana. Alimwambia jambo moja tu. Gratien alikuwa mshonaji wa magunia kwenye ghala la pamba, na Generose akamwuliza inakuwaje mtu ashone midomo ya magunia kutwa nzima, halafu mdomo wa mwanawe aogope kuushonesha.

"Gunia halina baba mkubwa kule Bwegera," Gratien akajibu, akavuta kiti chake nje.

Tena kulikuwa na Agnès, binti mkubwa. Agnès alikuwa na miaka kumi na minane, mikono ya kazi na ulimi wa kukata. Mara mbili shangazi za vijana wenye nia walikuja kumtazama. Mara mbili walimwona Placide uani, wakakumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Baada ya hapo hakuna aliyekuja. Gratien hakumlaumu mtoto kwa mdomo, alimlaumu kwa macho, na hiyo ni mbaya zaidi.

*

Kila Jumamosi mchana wanafunzi wa shule ya walimu ya misheni walikuja kwenye baraza ya hospitali kufanya kazi za mikono na watoto wa namna ile ambao watu huwatazama mara mbili. Placide alikuwepo. Kankindi alikuwepo, msichana aliyeangukia motoni akiwa mdogo, shavu likavutwa na kovu mpaka shingoni. Kulikuwa na mvulana aliyeliwa shavu na ugonjwa, ukaona meno yake ya upande hata asipocheka, na wengine wawili watatu. Wazo lilikuwa la Masera Florentine, mtawa wa hospitali, aliyeamini kwamba mwalimu wa kesho anapaswa kujifunza subira. Wanafunzi wenyewe waliamini kwamba mtu yeyote anapaswa kutoka nje ya shule Jumamosi.

Generose aliwauzia masera ndagala, samaki wadogo wa ziwani, siku hiyo hiyo, na akishamaliza alikaa kwenye ukuta mfupi akatazama. Placide tangu alipojua kutembea alitembea na kiganja cha kushoto mdomoni. Alisalimia nacho hapo, alicheza nacho hapo, alilala nacho hapo. Lakini kikapu hakisukwi kwa mkono mmoja. Kufika mzunguko wa tatu wa matete kile kiganja kilikuwa kimeshuka kufanya kazi, na hakuna mtu aliyesema neno. Generose alitazama miguu yake mwenyewe, asije akaonekana na watu analia kwa ajili ya matete.

Mwanafunzi aliyemfundisha Placide aliitwa Jean-Berchmans, kijana mrefu wa Kasai, na kusuka hakujua. Vikapu vyake vililala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Watoto walimcheka midomo wazi, na kwa baadhi yao ilikuwa mara ya kwanza kucheka bila kuziba kitu. Placide alisuka kikapu kidogo chenye kifuniko, kikasimama wima, akamwonyesha mwalimu wake jinsi ya kuvuta ukamba.

Masera alipomwambia Jean-Berchmans kwamba jina la Placide halimo kwenye orodha ya daktari kwa sababu baba amekataa, kijana alisema atakwenda kumwona huyo baba. Masera akamshauri achukue kikapu cha mtoto, baba aone mikono ya mwanawe inaweza nini. Mpishi wa shule akamshauri asiingie kwa mtu mzima mikono mikavu. Basi Jean-Berchmans akatia maharage ndani ya kikapu, maana kikapu kitupu ni dharau, akanunua kibuyu cha kasikisi, pombe ya ndizi, akavaa shati lake jeupe la misa, na kwa kuwa aliona haya kwenda peke yake akamchukua rafiki yake Déogratias.

Sasa, kwa watu wa uwanda wa Ruzizi, anayemtaka binti haji kusema. Anakuja mchana na mwenzake, nguo safi, kikapu chenye kifuniko mkononi na kibuyu cha pombe. Huko ndiko kushika mlango. Siku hiyo binti hatajwi, na anayemtaja ameharibu. Mtu wa Kasai atayajulia wapi hayo? Lakini Déogratias alikuwa mtoto wa Kamanyola, kwenye uwanda huo huo. Alikitazama kikapu, akakitazama kibuyu, akalitazama lile shati, akaelewa yote, akafunga mdomo. Alipoulizwa baadaye ni kwa nini, alisema alikuwa hajaonja nyama tangu Pasaka.

*

Jumapili hiyo Gratien alikuwa ameketi nje na fulana yenye matundu. Alipowaona vijana wawili wanaingia uani aliamka bila salamu, akakimbilia ndani, akarudi amevaa koti, vifungo vimepishana. Alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Kuhusu nani aliyekisuka hakuuliza, wala hakukitazama sana. Alikiweka juu ya meza kama mtu anavyoweka Ekaristi.

Jean-Berchmans alikohoa, akaanza kusema kwamba amekuja kwa ajili ya jambo fulani. Gratien alinyanyua mkono.

"Leo hatusemi. Leo tunakunywa."

Alijaribu tena baada ya kikombe cha kwanza, Gratien akamwambia kwa upole kwamba kijana mwenye malezi hana haraka. Jean-Berchmans akadhani ni heshima za wazee wa huku. Nyuma ya nyumba Generose alimwambia Agnès anawe uso. Agnès alichungulia kwenye ufa wa ukuta, akasema yule mrefu anafanana na korongo aliyemeza chura mkubwa. Lakini uso alinawa.

Wakati wa kuaga, tayari wako kwenye ua wa matete, Jean-Berchmans akajikaza. "Baba, naomba jambo moja tu. Placide aingie kwa daktari wa Jumatano. Wewe uje asubuhi utie kidole."

Gratien alimtazama kijana. Ombi la kwanza la mkwe halikataliwi. Kulikataa ni kumfungia mlango alioushika kwa adabu. Na pombe ilikuwa nzuri.

"Nitakuja," akasema.

*

Jumatatu Generose alichagua ndagala wakubwa, akawafunga kwenye jani la mgomba, akaenda kusimama kwenye lango la shule mpaka Jean-Berchmans alipotoka. Akampa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Kamata, mukwe wangu."

Kijana akauliza anamwita nani. Generose akarudia. Yeye akauliza mkwe kwa binti yupi, na Generose, akicheka, akamweleza habari ya kikapu na kibuyu, akidhani anataniwa. Hapo Jean-Berchmans alikaa chini kwenye vumbi, na shati la shule lilikuwa safi. Alisema mwanafunzi akichumbia kabla ya diploma anafukuzwa siku hiyo hiyo. Alisema kwao Kasai kuna mama yake mjane aliyeuza kila kitu kwa ajili ya diploma ile. Alisema jioni atakwenda kwa baba kumwambia ukweli.

Generose alisimama na harufu ya ndagala mikononi. Aliiona Jumatano, akamwona Gratien akipewa ukweli, koti likivuliwa, kidole kikirudi mfukoni. Daktari mwingine angekuja lini, Mungu ndiye ajuaye.

"Mwanangu," akamwambia, "umekwisha kosea. Sasa kosea mupaka mwisho."

"Mama, ni uongo."

"Nani amekutuma useme uongo? Minye nakutuma unyamaze. Mupaka Jumatano, mutoto atoke kwa munganga. Kisha kimbia, hata mupaka Kasai."

Jean-Berchmans alifikiri. Alifikiri juu ya diploma, kisha juu ya kile kiganja cha kushoto. Akakubali kunyamaza. Ndagala aliwarudisha, akasema hastahili. Generose akamwambia awachukue, samaki hawana kosa.

*

Agnès aliambiwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa haikuwezekana kumficha. Hakulia. Aliuliza ni nani atakayechekwa bombani mambo yakijulikana. Generose akasema, ni wewe. Agnès akauliza basi yeye anapata nini. Generose akafungua sanduku, akatoa kitenge chake cha pekee cha kwendea misa, kile cha ndege, akampa. Agnès akakinusa, akakikunja, akasema kwa kitenge hiki anaweza kuachwa hata na wanafunzi wawili.

Gratien kwa upande wake alikwisha tuma habari Bwegera. Jumanne mchana Herménégilde akateremka kwenye lori la pamba na wanaume wanne, wawili kati yao hawakujulikana na mtu yeyote nyumbani hapo. Herménégilde alikuwa mtu wa tumbo na sauti. Kabla hajaketi aliuliza mbuzi yuko wapi. Generose alikuwa na mbuzi jike mmoja, mwenye mimba. Akasema ana mimba. Herménégilde akasema basi ni wawili, heshima imezidi. Kuku wawili nao wakachinjwa wakati mbuzi anaiva, ili wageni wasikae bure.

Jean-Berchmans aliitwa, akaja na Déogratias, ambaye hakuhitaji kuitwa. Herménégilde aliamuru Placide apelekwe kwa jirani, mazungumzo yasiharibike. Mtoto aliinuka, kiganja kikiwa kimekwisha rudi mdomoni. Ndipo mkwe akasema neno lake la pekee jioni ile.

"Huyu akae hapa."

Akamketisha kando yake, akampa pande la nyama, pande kubwa lisiloshikika kwa mkono mmoja. Wageni wakatazama chini. Gratien alijikuna shingo, akamwongezea mwanawe ugali.

Kisha wakaingia kwenye ng'ombe. Herménégilde alitaka ng'ombe wanane. Déogratias, aliyejipa usemaji bila kupewa, akasema kwa heshima kwamba Kasai ni mbali, ng'ombe akipanda treni anapungua, akishuka treni akapanda meli anapungua tena, na wakifika wanane wenye uzito wa wanne itakuwa aibu kwa nani? Wazee waliona hoja ina nguvu. Wakashuka mpaka sita, Déogratias akaomba mchuzi. Jean-Berchmans alikaa kimya, jasho likimtiririka, na kimya chake kikasifiwa. Mzee mmoja alisema hajaona kijana mwenye malezi kama haya tangu vita viishe.

Agnès alipomnawisha mikono aliinama akamnong'oneza, "Weye kula. Ukiendelea kutetemeka watasema iko na malaria, na huyu rafiki yako atapunguza ng'ombe tena."

*

Jumatano asubuhi walikwenda hospitali wote, maana Herménégilde alisema mtoto wa ukoo hakatwi bila ukoo. Muuguzi André, yule yule wa mwaka uliotangulia, alitandaza karatasi. Safari hii hakuuliza habari za ukoo. Aliwatazama wale wanaume sita waliojaa mlangoni, akauliza kijana wa shule anatafuta nini kati yao.

"Huyu ni mukwe wetu," Herménégilde akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ziwani.

Gratien akatia kidole kwenye wino, akakibandika. Masera Florentine akamchukua Placide mkono. Mlango ukafungwa. Generose akakaa kwenye ukuta mfupi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akala kitu, kipande cha muhogo.

Hakukimaliza. Frère mkuu, mtawa aliyeongoza shule ya walimu, aliingia na baiskeli, joho limefungwa kiunoni. Alikuwa amesikia, kama Uvira nzima ilivyokuwa imesikia, kwamba mwanafunzi wake mmoja amekula mbuzi wa uchumba huko Songo. Aliuliza kwa upole ni nani mkwe wa nani. Herménégilde akamjibu kwa fahari, akamtajia na idadi ya ng'ombe. Déogratias alikuwa hapo, na kufumba na kufumbua hakuwepo. Jean-Berchmans akapiga magoti mbele ya watu, akasema yote: kikapu cha mtoto, maharage, ushauri wa mpishi. Hakumtaja Generose. Alisema tu kwamba alinyamaza.

Ilichukua muda kwa Gratien kuelewa, na watu walimwona akielewa. Halafu akaenda kwenye mlango, akaupiga kwa ngumi zote mbili, akadai mwanawe atoke. Masera akachungulia, akasema mtoto amelala. Gratien akasema aamshwe. Ule ukwe umekufa, na kidole nacho kimekufa. Wampe mtoto wake.

Mlango ukafungwa tena. Akatoka André, damu kwenye aproni. Hakuwa na kiburi cha mwaka uliopita; alionekana mtu aliyechoka mapema.

"Daktari anauliza. Amefungua upande mumoja, hajaunganisha. Amalize, ao aache pale?"

Herménégilde akafungua mdomo kusema. Gratien akamwambia anyamaze, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Alisimama akitazama damu kwenye aproni. Ghalani alikuwa amewahi kuwaona washonaji wanaoacha mdomo wa gunia nusu kwa sababu filimbi ya chakula imelia. Gunia lililo wazi hubebwa kwa uangalifu. Gunia lililoshonwa nusu hupasukia kwenye mizani, pamba yote chini.

"Amalize," akasema. "Lakini umuambie sijakubali."

André akaingia, akafikisha nusu ya kwanza ya maneno hayo.

*

Herménégilde na watu wake hawakungoja. Waliondoka kutafuta lori, na ule mguu wa mbuzi uliobaki waliuchukua, kwa kuwa waliaibishwa na mwenye kuaibishwa hasafiri na njaa. Gratien akaja kukaa kwenye ukuta mfupi, mbali kidogo na mkewe. Alivua koti, akalikunja magotini.

"Mama Agnès. Weye ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka Jumatatu."

Gratien alihesabu kwa vidole, kimoja bado kina wino. "Mbuzi alikufa Jumanne."

"Jumanne."

"Basi mbuzi ulijua."

"Mbuzi nilijua."

"Na kuku?"

"Kuku nilijua, Baba Agnès. Nilibashika minye mwenyewe."

Gratien akaangalia ziwa. Akauliza kama mbuzi alikuwa na mimba kweli. Generose akasema kweli. Hakuuliza kingine, na heri angeuliza.

*

Mdomo ulipona, na kovu, umekaa upande kidogo. Gharama ilikuwa hivi.

Mbuzi mmoja, na mwanawe tumboni. Kuku wawili. Mitungi miwili ya kasikisi, mbali na kile kibuyu, ambacho alinunua kijana. Nauli ya watu watano mpaka Bwegera, ambayo Herménégilde alituma kuidai na ambayo Gratien alilipa bila kusema kitu. Kitenge cha ndege. Generose alikwenda misa na cha kupikia mpaka Noeli.

Agnès aliitwa Madamu Mwalimu bombani mwaka mzima. Aliwajibu kwamba yeye walau ameachwa na mtu anayejua kusoma. Lakini ndoo alianza kuijaza alfajiri, kabla wenzake hawajafika.

Jean-Berchmans hakufukuzwa, kwa sababu Masera alikwenda kwa Frère mkuu akakaa huko saa nzima na mlango umefungwa. Diploma aliipata. Jumamosi zake zilichukuliwa zote; alilima mihogo ya shule mpaka alipoondoka Uvira, na kwenye baraza ya hospitali hakurudi. Watoto walipewa mwanafunzi mwingine. Huyo vikapu vyake vilisimama wima, na hakuna aliyecheka.

Déogratias hakupata adhabu yoyote. Ndivyo ilivyo.

Na Gratien hakusema na mkewe. Alikula chakula chake, alilala kitandani mwake, alimpeleka Placide ghalani kumwonyesha watu, akirudi alikaa nje na kiti chake. Kiangazi chote kilipita. Mvua za kwanza zilipoanza kupiga bati, jioni moja mezani, akafungua kinywa. Agnès akaacha kutafuna.

"Chumvi," akasema.

Generose akampa.